Honi ya Kona ya Kushoto

Posa ya mdogo wangu ilitangazwa kuwa imekubaliwa kabla baba wa binti hajafungua kinywa kuijibu, na aliyeitangaza ni pikipiki. Nyumba za jirani zilisikia, zikaitika kwa vigelegele, na bibi mmoja akaja mbio akijifunga kanga ya pili njiani. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani, kwa hiyo naweza kueleza jinsi ilivyokuwa.

Mdogo wangu anauza chakula cha kuku pale Picha ya Ndege, Kibaha. Binti anayemtaka anafundisha watoto wa chekechea jirani na duka hilo, lakini kwao ni Masaki, hii Masaki ya Kisarawe ya mihogo na mikorosho, si ile ya mjini. Siku za likizo hurudi kwao. Kulikuwa na mposaji mwingine aliyetangulia kabla yetu. Alikwenda na msafara wa magari na spika kubwa juu ya paa, na baba wa binti aliwapokea vizuri, akawapa maji, akawaambia posa si kampeni. Wakarudi walikotoka, na muziki wakauzima.

Habari hiyo ilimfikia shangazi yetu huko Mlandizi, naye akaifanyia kazi. Katika ukoo wetu anayebisha hodi kwanza ni shangazi. Anakwenda kimya, bila barua, bila wanaume. Akikaribishwa, wazee wanafuata na barua. Akikataliwa yeye, ukoo haujakataliwa. Ni mama mmoja tu aliyepita kusalimia akaenda zake. Kwa kuwa baba yule hapendi kelele, shangazi alitaka ukimya kuliko kawaida. Alikataa gari la kukodi na alikataa basi.

"Nikipanda basi la Masaki," alisema, "kabla sijashuka watakuwa wameshajua na mahari."

Likabaki suala la pikipiki. Mimi ni afisa ugani na naendesha kila siku, lakini ninayoendesha ni ya serikali, na shangazi alisema hawezi kwenda kuposa kwa mali ya umma. Tukachukua ya mdogo wangu, ile anayobebea viroba vya chakula cha kuku. Mposaji mwenyewe hatakiwi kuonekana siku hiyo, kwa hiyo alibaki dukani. Alinikabidhi ufunguo kama anayenikabidhi mtoto.

"Ufunguo wenyewe unataka kubembelezwa," aliniambia. "Ukishawasha, kuzima mpaka uuchezeshe kidogo."

"Na mengine?"

"Mengine yote nimeyafunga mwenyewe."

Kweli alikuwa ameyafunga. Mdogo wangu ni mtu safi, na asichokipenda duniani ni kitu kinachoning'inia. Kila waya kwenye usukani aliubana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vilivyokatwa sawasawa, vikazungushwa na kuvutwa mpaka mpira ukang'aa. Pikipiki nyingi za kwetu zimefungwa hivyo. Tyubu iliyochoka inafunga kuni, inafunga kuku, inafunga mlango wa banda. Lakini ya mdogo wangu ilikuwa imefungwa kama maiti, Mungu anisamehe. Nilimsifu.

Tuliondoka asubuhi. Shangazi alikaa upande, mkono mmoja kiunoni kwangu, mwingine umeshika kanga. Tukakatia Kiluvya, tukapanda vilima, tukaingia Kisarawe mjini bila tatizo lolote. Karibu na stendi nilipunguza mwendo, nikakata kushoto kulikwepa basi lililokuwa likirudi nyuma. Honi ikalia. Haikulia mlio mmoja. Ililia mfululizo mpaka nilipounyoosha usukani.

"Unampigia nani?" shangazi akauliza.

"Simpigii mtu."

"Basi mwambie huyo asiye mtu ametusikia."

Niliegesha kwenye kivuli. Wazo la kwanza la yeyote anayejua pikipiki ni kwamba kitufe kimekwama. Vumbi la njia zetu linaingia hata kwenye yai. Nilikuwa na bisibisi tu kwenye mkoba, nikafungua skrubu za chini ya kasha la swichi, kasha likaachana vipande viwili. Ndani kuna springi ndogo na kibati cha shaba; ukibonyeza, kibati kinagusa, ukiachia, springi inakirudisha. Kibati kilikuwa kimeshika uchafu mweusi. Nililowesha ncha ya kitambaa kwa petroli, nikasugua mpaka shaba ikaonekana. Dereva wa bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake alifungua jicho moja.

"Dada mkubwa, hiyo ikigoma muachie mama wa nyuma aendeshe."

"Mama wa nyuma akiendesha," shangazi akamjibu, "wewe utarudi kulima."

Akacheka, akafumba jicho. Nilirudisha kasha, nikabonyeza kitufe: ikalia. Nikaachia: kimya. Nikajisifu moyoni, tukaondoka kwa njia ya Maneromango.

Kona ya kwanza ya kushoto nje ya mji, yenye mchanga, honi ililia tena.

Hapo nilisimama, na safari hii nilifanya kwa mpango. Nilizima injini, nikaacha ufunguo kwenye moto, yaani umeme ukiwa wazi. Usukani katikati: kimya. Kulia mpaka mwisho: kimya. Kushoto: ikalia. Nikarudisha katikati, ikanyamaza. Nikabonyeza kitufe, ikaitika kama kawaida. Kwa hiyo kitufe hakikuwa na kosa, nilikuwa nimemwogesha asiye mchafu. Kwenye pikipiki ile honi inapata moto wake muda wote ufunguo ukiwa wazi; kazi ya kitufe ni kuugusisha waya wa pili kwenye bodi tu, yaani chuma cha pikipiki. Waya huo ukichubuka mahali popote ukagusa chuma, honi inalia bila kukiuliza kitufe. Na chuma hicho kilikuwa mahali ambapo usukani ukienda kushoto, waya unavutwa.

Nilimweleza shangazi. Alisikiliza vizuri, akauliza swali moja la maana: "Huwezi kuinyamazisha?"

Nilijaribu. Honi iko chini ya taa, ina ncha mbili za waya zinazochomoka kwa vidole. Lakini mdogo wangu alikuwa amezizungushia tyubu nazo, na fundo lake lilikataa kucha, likakataa na ncha ya bisibisi. Kisu hatukuwa nacho. Nani anakwenda kuposa na kisu?

"Huyu mtoto," shangazi alisema, akiangalia lile fundo, "nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu."

Tulikubaliana kuendelea kwa uangalifu, na tukagundua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Pikipiki ikienda kwa mwendo, kona hukatwa kwa kulala, usukani haugeuki sana, na honi inakaa kimya. Ni ukienda polepole ndipo unageuza usukani, na ndipo inalia. Shangazi, ambaye tangu nianze kumbeba hajawahi kuniambia neno zaidi ya "taratibu mwanangu", alianza kunipiga begani kila tulipoikaribia kona ya kushoto.

"Ongeza moto. Ongeza, we mtoto."

Tulipita hivyo vijiji vizima, mama wa makamo amekaa upande, kanga inapepea, anadai mwendo. Mahali pamoja tu tulishindwa. Mbuzi walikuwa wamelala barabarani, nikalazimika kuwazunguka kushoto, taratibu, honi ikilia muda wote ule. Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo barazani walisimama. Mmoja alipiga kigelegele, mwingine akatupungia kisu.

"Hongereni jamani. Harusi ya wapi?"

Katika njia ile, honi isiyokatika ina maana mbili tu: bibi harusi anapita, au mwali anatolewa. Hakuna anayepiga honi namna ile kwa ajili ya mbuzi. Shangazi alijifunika kanga usoni mpaka tulipopita.

"Kama hawa wamefurahi," alisema kutoka ndani ya kanga, "huko kwenyewe itakuwaje?"

Kwa hiyo tukapanga namna ya kuingia. Alikuwa ameelekezwa vizuri: nyumba ya bati jekundu, mikorosho mbele, iko mkono wa kushoto. Kushoto. Tuliipita. Tulikwenda mbele mpaka palipokuwa na uwanja mpana, nikazunguka kwa kulia, tukarudi, ili nyumba iwe mkono wa kulia. Tukaingia uani kimya kabisa. Nilizima ufunguo kwanza, nikiuchezesha kama nilivyoagizwa, ndipo nikageuza usukani kushoto na kufunga loki. Haikutoa hata mkoromo. Shangazi alishuka, akakung'uta vumbi, akaniangalia kwa macho ambayo ningeyapenda kuyaona zaidi maishani.

Baba wa binti alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliyepauka mikono kwa kazi ya shamba. Nilimwamkia, akaitika, akaniita binti yangu, nikaliweka neno hilo akilini. Mkewe alituletea maji na mihogo ya kuchemsha. Binti mwenyewe hatukumwona. Alikuwa ndani, kama inavyotakiwa, nyuma ya pazia ambalo upepo ulikuwa haulichezeshi lakini lilikuwa likicheza.

Shangazi alianza mbali, kwenye mvua. Akaja kwenye korosho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kaka yangu, sisi tumepotelewa na jogoo kule Kibaha. Tumefuata nyayo, zimetuleta hapa uani kwako."

Mzee alitafuna kipande chake cha muhogo mpaka kikaisha.

"Jogoo wa kisasa au wa kienyeji?"

"Wa kienyeji. Anajitafutia mwenyewe."

"Maana wa kisasa walishafika hapa. Wanawika saa zote."

"Wetu hawiki hovyo," shangazi akasema. "Ni mtulivu. Nyumba yetu yote ni ya watu watulivu."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Alisema wametusikia. Alisema jambo kama hili lina watu, na mjomba wa binti yuko Mafia, hawezi kurukwa. Hakusema hapana. Shangazi alinibana mguu kwa kisigino chake chini ya kanga, na nikajua tumefika mahali pazuri.

Ndipo mzee akainuka, akaangalia jua. Korosho zake zilikuwa kwenye magunia barazani na pikipiki yetu ilikuwa imesimama katikati ya mahali pa kuanikia.

"Binti yangu, hebu kisogeze kile chombo kidogo."

Nilikwenda kwa furaha, na furaha ndiyo iliyonisahaulisha. Mchanga ulikuwa mzito, nikaona niwashe injini kuliko kusukuma. Niliingiza ufunguo, nikafungua loki, na mkono ukaendelea wenyewe mpaka kwenye moto. Usukani ulikuwa bado umelala kushoto.

Honi ililia. Niliuvuta usukani katikati, ikaendelea kulia. Safari hii waya ulikuwa umenasa. Niliushika ufunguo niuzime, ufunguo haukurudi. Niliubembeleza, nikaubembeleza tena, na kadiri nilivyoubembeleza ndivyo honi ilivyoendelea, juu, safi, bila kupumua, na kitufe nilichokisugua mwenyewe hakikuwa na habari.

Kigelegele cha kwanza kilitoka nyumba ya nyuma. Cha pili kilitoka ng'ambo ya barabara. Ufunguo ulipokubali kurudi, vigelegele vilikuwa vimeshatutangulia, vinapokezana kuelekea chini bondeni, na yule bibi wa kanga ya pili alikuwa ameshaingia uani.

"Mmekubali, na mimi jirani wa ukuta sikuambiwa," alimwambia mzee. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anacheza kidogo kwa mabega.

"Bibi, hatujajibiwa," shangazi akasema. Nilijua anachokiona: magari ya yule wa kwanza yakirudi, na sisi nyuma yake.

"Hamjajibiwaje tena, nimesikia kwa masikio yangu."

"Ni pikipiki, bibi."

"Pikipiki inalia yenyewe?"

"Ndiyo."

Bibi alinitazama, akaitazama pikipiki, akamgeukia mama wa binti. "Wanaificha harusi nyuma ya pikipiki," alisema.

Nyuma ya pazia kuna mtu alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikatokea puani. "Nyamaza humo ndani," mama akasema, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mzee hakucheka. Aligeuka, akaingia ndani ya nyumba. Shangazi alianza kukusanya kanga yake taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajaambiwa. Mzee akatoka. Alikuwa na kisu.

"Fungua nione," aliniambia, akanipa.

Nilikata vipande vya tyubu kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vingi, na kila kilichokatika kiliruka kama panzi. Chini ya cha mwisho, pale nyaya zinapopita kwenye bano la chuma linaloshika taa, niliukuta. Ngozi ya waya ilikuwa imelika mpaka shaba inang'aa, na chuma cha bano nacho kilikuwa kimeng'aa mahali pale pale. Mdogo wangu hakuwa ameacha hata nafasi ya kidole. Usukani ulipokwenda kushoto, waya haukuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye chuma. Nilimwonyesha mzee. Aliinama, akaokota kipande cha fundo, akakivuta kwa mikono miwili. Hakikuachia.

"Nani alifunga hivi?"

Ningeweza kusema ni fundi. Nilimwona shangazi akiifikiria hiyo, kisha akaiacha.

"Kijana wetu mwenyewe," alisema.

Mzee akaendelea kulivuta lile fundo.

"Mtu anayefunga namna hii," alisema mwishowe, "hana mpango wa kufungua."

Sikujua kama ni sifa au ni lawama, na uso wake haukunisaidia. Mama alileta kipande cha mfuko laini wa plastiki. Nilizungushia mahali palipochubuka, mara kadhaa, nikaubana. Nilipotaka kufunga juu yake kwa kipande cha tyubu, mzee alikichukua kile kipande mkononi mwangu. Alizivuta nyaya zikalegea, zikafanya tao dogo mbele ya bano, akazungusha tyubu mara mbili tu na kufunga fundo la kawaida, la kufungia mbuzi.

"Acheni nafasi ya kugeukia," alisema.

Nilijaribu. Ufunguo kwenye moto, usukani katikati: kimya. Kulia: kimya. Kushoto mpaka mwisho: kimya. Wote walikuwa wamesimama wakitazama, na hata yule bibi alikuwa ameacha kucheza. Nikabonyeza kitufe mara moja, kuhakikisha. Ikalia mlio mmoja mfupi, mzuri. Bibi akapiga kigelegele.

"Sasa hiyo ni ya nini?" mzee akamuuliza.

"Hiyo ni ya pikipiki," bibi akajibu.

Hapo ndipo mzee alipocheka. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akafuta macho kwa kofia, na mwishoni akatuambia tusiondoke bila kula. Tulikula wali na kisamvu. Tulipoaga, alimwambia shangazi maneno yale yale aliyoyasema kabla ya honi: jambo lina watu, mjomba yuko Mafia, tutaitwa.

Njia nzima ya kurudi tulibishana. Shangazi alishikilia kwamba mwanaume hawezi kukufungia waya kwa mkono wake kama hana nia na wewe. Mimi nilimwambia mkulima yeyote angefanya hivyo, alitaka uwanja wake wa korosho. Yeye akaleta habari ya wali. Mimi nikaleta habari ya lile fundo na neno lake, hana mpango wa kufungua. "Hiyo ndiyo sifa yenyewe," alisema, "kwa mume." Nikamuuliza kwa nini basi mzee alilegeza. Hapo tulikuwa tumefika Kisarawe mjini, ambako nilikata kona ya stendi kushoto, polepole, bila sauti, na yule dereva wa bodaboda akafungua jicho lake moja.

"Amepona?"

"Amepona," shangazi akamjibu. "Tunasubiri majibu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya duka tangu, nadhani, tulipoondoka. Aliangalia nyuso zetu, akashindwa kuzisoma, akaangalia usukani. Aliona tao la nyaya linaning'inia mbele ya taa, mkono wake ukaenda kulibana. Shangazi aliupiga ule mkono.

"Usiguse. Hiyo imefungwa na baba mkwe."

"Amekubali?"

"Sijasema amekubali."

Mpaka sasa hajaligusa. Kila asubuhi anapakia viroba, anaendesha, na lile tao linacheza mbele ya macho yake, na nadhani linamuuma, lakini analiacha. Mjomba bado yuko Mafia. Tumesikia alikuwa njiani, kisha tukasikia hapana, ni mwingine. Binti amerudi kufundisha, na adabu inawazuia kuulizana, kwa hiyo wanasalimiana tu kuhusu chakula cha kuku, ingawa yeye hafugi.

Juzi yule bibi jirani alimpigia simu shangazi. Namba aliipata wapi, hatujui. Alitaka kujua sare ya upande wetu itakuwa rangi gani, ili upande wao usigongane nayo. Shangazi alimwambia hakuna sare, hakuna upande, hatujajibiwa. Bibi alisema anaelewa kabisa, lakini wanawake wa pale wameshakata vitenge vya kijani. Shangazi akamuuliza kama baba wa binti anajua hilo. Anajua, bibi akasema, walivikatia barazani kwake.

Na yeye akasemaje? shangazi akauliza.

Aliwasogezea magunia ya korosho, wapate nafasi ya kukaa.